Beji sitini za bendera: mabadiliko ya uzi yaliyoshuka kutoka 540 hadi 40

Mchoro una rangi nne tu, lakini faili inamtaka fundi abadilishe uzi mara tisa. Kazi ya namna hii huletwa karakana kila wiki, na wengi wetu tumeizoea hadi tunadhani ndivyo mashine ya kudarizi ilivyo. Sivyo. Mara nyingi zaidi ya nusu ya mabadiliko hayo yamezaliwa kwenye kompyuta, mikononi mwa aliyechora, na yanaweza kuondolewa papo hapo kabla uzi haujagusa sindano. Nimechagua kisa kimoja nikieleze kwa ukamilifu, kwa sababu mchoro wake kila Mkenya anaujua na hesabu zake anaweza kuzirudia mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Klabu ya riadha ya Eldoret ilitaka beji 60 za bendera ya Kenya, za kushonwa kifuani kwenye jaketi za wanariadha. Kila beji iwe na bendera ya milimita 60 kwa 40, na pindo jeusi la satini, yaani mshono mnene unaokwenda upande hadi upande, la milimita 3 kuizunguka. Karakana iliyopokea kazi ina mashine ya sindano moja, zile ambazo rangi ikiisha mashine inasimama, inalia, na mtu anakata uzi, anautoa, anaupitisha mwingine kwenye njia zake zote hadi kwenye tundu la sindano. Mwendeshaji mwenye mkono mwepesi humaliza hayo kwa kama dakika moja. Faili yenyewe mteja aliletewa tayari na mchoraji mwingine, na kazi yangu ilikuwa kuiangalia kabla haijapandishwa mashineni.

Tuanze na bendera. Urefu wa kwenda juu kwa ule wa kwenda kando ni 2 kwa 3, na kanda zake zimegawanywa 6:1:6:1:6, yaani nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumla ni sehemu 20. Beji ikiwa na kimo cha milimita 40, kila sehemu ni milimita 2, hivyo kanda pana zina milimita 12 kila moja na kanda nyeupe milimita 2. Hii ni bahati njema, kwa sababu milimita 2 ni upana ambao mshono wa satini unakaa vizuri mno: si mwembamba wa kupotea, si mpana wa kukwaruzika na kuchomoka. Katikati iko ngao ya Kimaasai yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyuma yake mikuki miwili myeupe iliyopishana.

Mchoraji wa kwanza alifuata bendera kama jicho linavyoisoma, kutoka juu kwenda chini, kisha akaweka ngao juu yake. Zamu za rangi zikawa hivi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani, kisha nyeupe ya mikuki, nyekundu ya ngao, nyeusi ya pande mbili za ngao, nyeupe ya alama za ngao, na mwisho nyeusi ya pindo. Zamu kumi, mabadiliko tisa. Kwa kuwa beji inaisha na nyeusi na inayofuata inaanza na nyeusi, kati ya beji na beji hakuna mabadiliko, kwa hiyo 60 mara 9 ni 540. Kwa dakika moja kila badiliko, hizo ni saa tisa za kupitisha uzi.

Linganisha na ushonaji wenyewe. Beji moja ya ukubwa huu, kwa nafasi ya milimita 0.4 kati ya safu na safu, pamoja na mishono ya msingi inayotangulia chini, hufika mishono kama 4,500. Kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika ni dakika saba na nusu, na kwa beji zote 60 ni saa saba na nusu. Kwa hiyo mashine ingesimama muda mrefu kuliko inavyoshona. Umeme unaliwa, kodi ya kibanda inaliwa, na mwendeshaji anachoka kwa kazi ambayo haimwongezei mteja hata mshono mmoja. Hilo hunikera, kwa sababu mwendeshaji ndiye anayelaumiwa kwa kuchelewa ilhali kosa limo ndani ya faili.

Kabla ya kugusa mpangilio, nilitazama orodha ya nyuzi. Palikuwa na nyekundu mbili na nyeupe mbili. Mchoro uliofuatishwa kutoka kwenye picha huwa hivyo: programu inaokota nyekundu ya ukanda yenye kivuli hiki na nyekundu ya ngao yenye kivuli kile, tofauti ambayo jicho halioni, na kuziandika kama rangi mbili. Binadamu anajua ni uzi mmoja, lakini programu inaona namba mbili. Ndiyo maana fundi anaweza kubonyeza kitufe cha kupanga rangi akashangaa kwamba hakuna kilichopungua. Nikaziunganisha ziwe nne: nyeusi, kijani, nyekundu, nyeupe.

Baada ya hapo kitufe cha kupanga kikafanya kilichoweza. Programu nzuri haikusanyi rangi ovyo. Hutazama kwanza kama kipande kimoja kimekalia kingine, na kama kimekalia, haikipeleki mbele ya kile kilicho chini. Ile isiyotazama hilo ni hatari: ingekusanya nyeupe zote pale nyeupe ya kwanza ilipo, kisha nyekundu ya ngao ingekuja kufunika alama nyeupe, na mteja angepokea ngao isiyo na kitu. Programu niliyotumia iliheshimu mikao na kutoa mpango wa nyeusi, kijani, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Zamu nane, mabadiliko saba. Afadhali, lakini bado rangi nne zinaomba mabadiliko saba.

Hapa ndipo mafundi wengi huishia. Wanasema kompyuta imepanga, basi. Lakini kompyuta imepanga mchoro kama ulivyochorwa, na mchoro wenyewe unaweza kuchorwa vingine. Kila mahali rangi inaporudi mara ya pili, kuna kipande fulani kinachoilazimisha kurudi, na kipande hicho kinajulikana. Kitafute, ukiulize kama kweli lazima kikae pale kilipokaa.

Nyekundu inarudi baada ya nyeupe kwa sababu gani? Kwa sababu ngao imelala juu ya mikuki, na mikuki imeshonwa mizima kutoka ncha hadi ncha, ikipita chini ya ngao. Lakini sehemu ya mkuki iliyo chini ya ngao haionekani na mtu yeyote. Inaongeza unene tu, na unene katikati ya beji huvunja sindano. Nikaikata. Kila mkuki ukawa vipande viwili, kimoja upande wa juu wa ngao na kimoja upande wake wa chini, vyote vikiishia kwenye ukingo wa ngao. Kanda nyeupe pia nikazikatiza zinapokutana na ngao. Kuanzia hapo hakuna cheupe chochote kilicho chini ya chekundu, na nyeupe zote, yaani kanda, mikuki na alama za ngao, zikaweza kushonwa kwa zamu moja mwishoni.

Nyeusi inarudi baada ya nyekundu kwa sababu pande nyeusi za ngao zimewekwa juu ya mwili mwekundu. Hapa jibu lilihitaji kufikiri zaidi. Pande hizo ziko kati ya nyekundu mbili: nje kuna ukanda mwekundu wa bendera, ndani kuna mwili mwekundu wa ngao. Hakuna sheria inayosema nyeusi ndiyo ikae juu. Ukizishona pande nyeusi kwanza, zikiwa pana kidogo kuliko zinavyotakiwa kuonekana, kisha nyekundu ikaja kuzikata kwa nje na kwa ndani, jicho litaona umbo lile lile. Basi pande za ngao zikahamia kwenye zamu ya kwanza pamoja na ukanda mweusi. Nyekundu ya ukanda na nyekundu ya ngao zikawa zamu moja. Ukanda mweusi na ule wa kijani vikaachiwa uwazi pale ncha za ngao zinapoingia, ili nyekundu isirundikane juu ya mishono mingine.

Ukiandika nani yuko juu ya nani, inatoka safari moja isiyorudi nyuma. Nyeusi na kijani hazigusani, kwa hiyo ipi itangulie ni hiari. Nyekundu inakalia zote mbili. Nyeupe inakalia zote tatu. Rangi nne, zamu nne, mabadiliko matatu, na chini ya hapo haiwezekani.

Likabaki pindo. Pindo la beji lazima liwe la mwisho, maana ndilo linalofunika miisho ya kanda zote. Mteja anataka liwe jeusi, na nyeusi ilishapita mwanzoni. Wazo la kwanza la karakana lilikuwa kumshawishi mteja akubali pindo jeupe ili liingie kwenye zamu ya nyeupe. Mwenye karakana alikuwa tayari kumpigia simu kocha wa klabu. Nilimwomba asubiri tupige hesabu, na hesabu hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki.

Pindo likiwa jeupe, kila fremu, yaani kibanio cha kitambaa kilichobeba beji sita, ina mabadiliko matatu ndani yake, lakini ikiisha, mashine imebaki na uzi mweupe na fremu inayofuata inaanza na mweusi. Kuna badiliko la nne, lililojificha kati ya fremu na fremu. Pindo likiwa jeusi, ndani ya fremu kuna mabadiliko manne, lakini fremu inaisha na uzi ule ule ambao inayofuata inaanza nao. Kwa fremu kumi, pindo jeupe lina mabadiliko 39 na pindo jeusi lina 40. Tofauti ya dakika moja katika kazi nzima. Kocha hakupigiwa simu, akapata pindo alilolitaka. Ndiyo maana pia nyeusi ilitangulia kijani katika mpango, ingawa kwa macho ya beji moja ilikuwa hiari: kwa macho ya kazi nzima haikuwa hiari hata kidogo. Anayehesabu mabadiliko ya beji moja peke yake halioni jambo hili.

Hizo fremu kumi zilitokana na kuweka beji sita kwenye fremu moja. Fremu ya karakana ina nafasi ya milimita 160 kwa 260. Beji pamoja na pindo ina 66 kwa 46, na mbili kwa tatu zinakaa bila kubanana. Ukinakili beji sita hivi hivi, mashine itamaliza ya kwanza yote ndipo iende ya pili, na hujaokoa kitu. Inabidi zamu ziunganishwe: nyeusi ya zote sita, kisha kijani ya zote sita, na kuendelea. Nilizipanga kwa mwendo wa nyoka. Nyeusi inaanzia beji ya kwanza na kuishia ya sita, kijani inaanzia pale pale ya sita na kurudi hadi ya kwanza, ili mkono wa mashine usivuke fremu nzima bure kila rangi inapobadilika.

Nane zingeenea. Niliweka sita kwa makusudi, na ningeshauri hivyo kwa karakana yoyote yenye mazingira kama haya. Ukiunganisha zamu, hakuna beji iliyokamilika mpaka pindo la mwisho. Stima ikipotea katikati ya nyeupe na mashine ikashindwa kurudi pale pale ilipoachia, au kitambaa kikiteleza, unapoteza zote zilizo ndani ya fremu. Zaidi ya hayo, kati ya mshono wa kwanza mweusi na pindo linalopaswa kuangukia pale pale kunapita kama dakika 45 za kitambaa kuvutwa huku na huku, na kadiri fremu inavyojaa, ndivyo mivuto inavyojumlishana. Kutoka beji moja hadi sita tumeokoa mengi. Kutoka sita hadi nane akiba ni ndogo na hasara inayoweza kutokea ni kubwa. Sikuona sababu.

Mvuto huo ndio bei ya mpango mzima, na sitaki mtu aipuuze. Mshono wa kujaza huvuta kitambaa kuelekea upande mishono ilikolala, na hukisukuma nje upande wa pili. Vipande vinapokaliana kwa wingi, kama katika faili ya kwanza, makosa ya mvuto hufichwa na uzi uliolala juu. Unapoanza kukata na kuacha uwazi, unaondoa kificho hicho. Kila mpaka sasa unahitaji pindano iliyopimwa: kipande cha chini kiingie chini ya jirani yake kwa kiasi kinachotosha. Kwenye sampuli, kijani kilichoingia nusu milimita chini ya ncha ya ngao kilijivuta na kuacha ufa uliochungulia kitambaa. Pindano ikapandishwa hadi milimita moja pande zote za ngao, na ufa ukaisha. Kwenye kanda nyeupe nusu milimita ilitosha, kwa sababu satini ya milimita 2 inafunika pande zote mbili na katikati inabaki milimita moja isiyo na kitu chini yake, kwa hiyo nyeupe haitiwi giza na uzi mweusi.

Mwelekeo wa mishono nao ulibadilishwa. Katika faili ya kwanza kanda pana zilijazwa kwa mishono ya wima, na satini nyeupe nayo mishono yake ni ya wima, kwa hiyo nyeupe ilizama ndani ya mifereji ya nyeusi na nyekundu, ikaonekana kama imechanika. Kanda zikageuzwa zijazwe kwa mlalo, na satini ikakaa juu yake. Hili halipunguzi hata badiliko moja la uzi, lakini nyeupe inaposhonwa mara moja tu, haina nafasi ya pili ya kurekebishwa.

Kitambaa cha beji kilikuwa kizito, kisichonyumbuka, na chini yake stifu, yaani kitambaa cha kuimarisha, ile ya kukatwa kwa mkasi badala ya ile ya kuchanwa kwa mkono. Ingekuwa kitambaa cha fulana, nisingethubutu kuweka sita.

Kuna akiba moja iliyojadiliwa tukaiacha. Karakana ilikuwa na fremu mbili za ukubwa huo. Unaweza kushona nyeusi kwenye fremu ya kwanza, ukaitoa, ukaweka ya pili na kushona nyeusi, kisha kijani kwenye hiyo ya pili ndipo uirudishe ya kwanza. Mabadiliko yangeshuka yakawa kama nusu ya yale 40. Inawezekana, maana fremu hurudi mahali pake bila kitambaa kuachiwa. Lakini kila kutoa na kurudisha kunahitaji mwendeshaji kuichagua zamu sahihi kwenye kioo, na akikosea mara moja beji sita zimeharibika. Kwa dakika ishirini, haikustahili.

Suala la aina ya faili lisisahaulike, kwa sababu limeharibu kazi nyingi nzuri. Faili ya DST haibebi rangi. Inabeba amri za kusimama tu, na mashine inaposoma amri inasimama, hata kama uzi unaofuata ni ule ule. Ukiunganisha zamu kwenye kompyuta lakini ukaacha amri ya kusimama kati ya beji ya kwanza na ya pili, mwendeshaji ataitwa kubadili nyeusi kwa nyeusi. Faili ya PES inabeba orodha ya rangi, na ndiyo iliyopelekwa kwenye mashine hii. Nakala ya DST iliwekwa kando pamoja na karatasi iliyoandikwa mpangilio wa nyuzi kwa mkono, kwa kuwa bila karatasi hiyo mashine inaweza kuonyesha bendera ya rangi zozote.

Kama kazi hii ingeenda kwenye mashine ya sindano kumi na tano, nisingeisuka hivi. Pale kubadili rangi ni sekunde chache, na uzi wote umeshapitishwa. Ningekata mikuki, kwa sababu ya unene, lakini pande nyeusi za ngao ningeziacha juu ya nyekundu ambako ukingo wake unatoka mkali zaidi, na badiliko la ziada ningelilipa kwa moyo mweupe. Ila mashine yenye vichwa vingi ni habari nyingine: kichwa kimoja kikisimama, vyote vinasimama, na akiba inarudi kuwa na maana. Asiye na pesa ya programu ya kulipia naye hajafungiwa mlango. Ink/Stitch ni ya bure, hufanya kazi ndani ya programu ya kuchora ya Inkscape, na hushona vipande kwa kufuata jinsi vilivyopandana, cha chini kwanza, hivyo mpango wa nani yuko juu ya nani unauona na kuupanga kwa macho.

Beji 60 zilishonwa kwa mpango huo. Saa saba na nusu za mashine kushona hazikupungua wala hazikuhitaji kupungua, na saa tisa za kupitisha uzi zikawa dakika arobaini.

Baadaye klabu ikauliza kama bendera hiyo inaweza kudariziwa moja kwa moja kwenye mikono ya jaketi, bila beji. Huko hakuna sita kwa fremu, kila mkono unafungwa peke yake. Lakini faili ile ile inaanza na nyeusi na kuishia na nyeusi, kwa hiyo kila jaketi ina mabadiliko manne badala ya tisa, na mwendeshaji anafunga jaketi inayofuata bila kugusa uzi. Kilichobadilishwa ni pindano za ngao, zilizopandishwa hadi milimita moja na nusu, kwa kuwa kitambaa cha jaketi hunyumbuka.